Wedelia, pinto au ukoka? Kuchagua mmea wa kufunika ardhi kwenye ua wa nyumba Mombasa

Pita kwenye vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara kutoka Nyali kwenda Bamburi, uombe kitu cha kufunika mchanga, na mara nyingi utaonyeshwa mimea miwili kwanza. Mmoja ni wedelia, wenye jani zito la pembe tatu na ua la manjano. Wa pili ni pinto, ndugu wa karanga, nao una ua la manjano ila dogo zaidi. Yote miwili hutambaa, yote miwili hupendeza ikiwa bado kwenye kimfuko cheusi, na muuzaji atakusifia ule wa kwanza kwa sababu hujaza upesi.

Anasema kweli. Lakini kasi ndiyo sifa ninayoiangalia mwisho kabisa. Viwanja vyetu vingi ni vidogo: kipande kati ya ukuta na kabro, chini ya mwembe mmoja, mbele ya baraza. Wewe unataka kipande hicho kifunikwe, basi. Mmea haujui mpaka wako. Ukishamaliza kipande ulichoupa utaanza kukitafuta kile cha asumini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza mmea huu unatembeaje na ni kitu gani kinachoweza kuusimamisha.

Mimea hii husafiri kwa njia tatu. Kuna inayotambaza shina juu ya ardhi na kutoa mizizi kwenye kila kifundo. Kuna inayopita chini ya ardhi, usiione mpaka ichomoze upande wa pili wa kabro. Na kuna inayorusha mbegu. Ya kwanza unaiona inapokuja na unaweza kuikata kwa kisu. Ya pili inataka jembe, na subira. Ya tatu haina ukingo unaoizuia. Mimea mingine huchanganya njia mbili, na hiyo ndiyo ya kujihadhari nayo zaidi.

Kwanza udongo na maji

Ushauri mwingi wa bustani unaosomwa Kenya huandikwa kwa udongo mwekundu wa Nairobi na Kiambu. Huku kisiwani, Nyali, Bamburi na Likoni tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mchanga wetu una chokaa nyingi, na chokaa huufunga madini ya chuma hata kama yamo ardhini, mmea usiweze kuyanyonya. Ukivuka Makupa kwenda Changamwe na Mikindani ardhi hubadilika, huwa ya mfinyanzi zaidi, na baadhi ya niliyoyaandika hapa hayatakuhusu sana. Kujua uko wapi ni rahisi: chota udongo mkavu kwenye kisahani, umiminie siki. Ukitoa povu, una chokaa.

Jambo la pili ni maji. Maji ya mfereji yanayotoka Mzima na Baricho huja kwa mgao, kwa hiyo wengi humwagilia kwa maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda wa bahari vina chumvi. Angalia mdomo wa mpira wako au ukingo wa ndoo. Ukikuta ukoko mweupe, tayari umeshapunguza orodha ya mimea unayoweza kupanda.

Wedelia

Kitaalamu huitwa Sphagneticola trilobata, na kwao ni nchi za joto za bara la Amerika. Haichagui udongo, huvumilia chumvi, jua kali, kivuli cha wastani, hata maji yaliyotuama wakati wa masika. Kwa mahitaji ya Mombasa, kwenye karatasi, hakuna mmea unaoshinda huu. Ndiyo maana umepandwa sana mahotelini.

Sasa inua tawi moja taratibu. Utasikia linakatika kutoka ardhini mahali pengi, si mahali pamoja, kwa sababu kila kifundo kilichogusa mchanga kimeshatoa mizizi yake. Ukilikata tawi hilo vipande kumi na kila kipande kikabaki na kifundo, umepata miche kumi. Mmea huu hautegemei mbegu kusambaa. Unategemea sisi, fyekeo zetu, na tabia yetu ya kutupa takataka za bustani kwenye mtaro au kwenye ploti tupu ya jirani. Umo kwenye orodha ya spishi 100 vamizi mbaya zaidi duniani iliyotolewa na wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, na ukiona unavyofanya kando ya mitaro yetu mvua zikianza huulizi sababu.

Uani mwako ushindani wake unaonekana hivi. Wedelia hupanda juu ya mwenzake. Hufika sentimita 30 au zaidi kwenda juu, hutandaza majani yaliyobanana, na chini yake jua halifiki. Pia majani na mizizi yake hutoa kemikali zinazodumaza miche ya mimea mingine. Mrehani hauwezi kustahimili hapo. Asumini iliyokomaa itaishi, lakini matawi yake ya chini yatafunikwa, na utakuwa unapekua vichaka kila jioni kutafuta maua. Ndani ya zulia hilo zito hujificha pia panya, na wakati wa masika wale konokono wakubwa wa pwani, ambao usiku hutoka kula mboga zako.

Kitu kimoja huishinda, nacho ni mguu wa mtu. Haivumilii kukanyagwa. Mahali watoto wanapokatiza kwenda bombani huota kipara, na shina kavu za kahawia hubaki wazi.

Pinto

Pinto, Arachis pintoi, asili yake ni Brazil. Ilichukua jina la Geraldo Pinto aliyeikusanya huko mwaka 1954. Kwa kuwa ni jamii ya karanga, mizizi yake hufuga bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Ukipanda chini ya mdimu, mpapai au mkomamanga, majani yake yanayokufa na kuoza huurudishia mti sehemu ya chakula hicho. Wedelia haina zawadi ya namna hiyo.

Ni mmea wa kuutazama kwa karibu. Kila jani lina vijani vinne, na jua likizama vijani hivyo hujikunja vikafungana viwili viwili, zulia zima likaonekana limebadilika rangi. Chimbua mzizi mmoja uangalie vinundu vidogo vilivyoushika. Vipasue kwa kucha: vikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijivu, mmea unakula samadi yako tu na haukuongezei kitu.

Hutambaa juu ya ardhi na kutoa mizizi kwenye vifundo, kama wedelia, lakini ukingo wake hukatika kwa sepetu kwa pigo moja. Huvumilia kukanyagwa kiasi na kufyekwa. Ukishika vizuri hauzidi sana kimo cha kifundo cha mguu. Kivuli cha mti hakiusumbui.

Ila una mambo mawili ambayo muuzaji hatakwambia. La kwanza, unachelewa. Miezi ya mwanzo utaona vijiti vilivyotawanyika na magugu katikati, na ni wewe utakayeyang'oa kwa mkono. Wengi hukata tamaa hapo na kwenda kununua wedelia. La pili ni chokaa. Pinto hupenda udongo wenye asidi kidogo, na kwenye mchanga wa matumbawe majani machanga huwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Watu huiona wakadhani ni kiu, wakaongeza maji ya kisima, na chumvi ikamaliza kazi iliyoanzwa na chokaa.

Dawa yake si kutupa mmea. Chimba kina cha sentimita 20 hivi, uchanganye mchanga wako na udongo mwekundu unaoletwa kwa lori, mboji na samadi iliyooza vizuri. Kila mwaka ongeza mboji juu na uache majani ya mti yaozee palepale. Hapa Bamburi tuna ushahidi wa kile majani yaliyooza yanaweza kufanya juu ya mwamba mtupu: mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mivinje ikashika, na majani yake yaliyoanguka yakatafunwa na majongoo mpaka yakawa udongo. Leo tunakwenda pale kupunga upepo msituni. Ukiwa na tabia ya kufagia ua mpaka mchanga ung'ae na kuchoma majani, pinto haitakupenda.

Ukiiweka pamoja

Swali hili huulizwa sana, kwa sababu maua yote ni ya manjano na watu hudhani yatachanganyika vizuri. Kwenye jua, wedelia itaifunika pinto. Ina shina refu zaidi na hupata mwanga kwanza. Chini ya mwembe, penye mboji ya kutosha, pinto hujitetea kwa muda mrefu, kwani wedelia kivulini hupungua nguvu na maua. Lakini kujitetea si kushinda. Mtu anayetaka zote mbili azitenganishe kwa njia ya kabro yenye upana wa hatua moja, na kila wiki za mvua apite kukata matawi yaliyotoka nje. Binafsi nisingeziweka kwenye kiwanja kimoja.

Dhidi ya ndago, lile gugu lenye viazi vidogo vilivyoungana chini ya ardhi kama tasbihi, zote mbili husaidia kwa njia moja: ndago haipendi kivuli, na zulia lililofunga huidhoofisha. Tofauti ni kwamba wedelia hufunga mapema, ilhali pinto huiachia ndago nafasi ya miezi kadhaa. Kama kiwanja chako kina ndago nyingi, usipande pinto kabla hujazichimbua pamoja na viazi vyake, mara moja na mara ya pili zikichipua. Kukata majani tu ni kuzipa mazoezi.

Ukoka na nyasi nyingine

Mahali pa kukanyagwa, jibu ni nyasi. Ukoka wetu wa kawaida hupita juu na chini ya ardhi kwa pamoja, kwa hiyo ni ile njia mbili niliyoitaja. Huingia kwenye tuta la mboga, hupenya kwenye nyufa za kabro, na kila kipande cha mzizi ulichokiacha hurudi. Lakini juani hauna mpinzani kwa uvumilivu, na hata ukikauka wakati wa kaskazi, mvua ya kwanza huufufua. Udhaifu wake ni kivuli. Chini ya mwembe huanza kupungua wenyewe mpaka ubaki mchanga, na hapo usipoteze pesa kuupanda tena.

Paspalamu ya baharini, Paspalum vaginatum, ndiyo ya kuchagua kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi. Ni miongoni mwa nyasi zinazovumilia chumvi kuliko zote. Nayo hupita chini ya ardhi, hivyo inataka ukingo uliozama. Nyasi za Kikuyu zilizozoeleka bara ziache huko huko. Ni za nyanda za juu zenye baridi.

Kivulini kabisa, na mbele ya bahari

Upande wa nyumba usiopata jua, kati ya ukuta na ukuta, hata pinto hunyong'onyea. Hapo tradeskantia, ile yenye majani ya milia ya fedha na zambarau chini, hufanya vizuri. Hukatika ovyo na kila kipande huota, lakini mizizi yake ni ya juujuu, unaing'oa kwa mkono bila jembe. Utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu, na kama unafuga mbwa anayelala hapo, chagua kingine. Ile ya zambarau tupu inavumilia jua na ukame zaidi.

Nyumba inayopigwa na upepo wa kusi moja kwa moja kutoka baharini ni habari nyingine. Matone ya chumvi yatachoma pinto majani. Hapo ningeweka mboga pwani, Sesuvium portulacastrum, mmea wa kwetu wenye majani manene na ua dogo la waridi, unaoota wenyewe kwenye mchanga wa chumvi. Unataka jua la kutosha. Majani yake yanaliwa, na chumvi yake imo ndani. Hutambaa juu ya ardhi, unakatika kwa urahisi, na kwa kuwa ni wa pwani hii hauvamii nyumba ya mtu. Nashangaa vitalu vingi havijauona.

Ule mtambazi mwingine wa fukweni, wenye ua kubwa la zambarau na jani lililogawanyika kama kwato, uacheni ufukweni. Shina lake moja huweza kufika mita nyingi, mzizi wake huzama sana, na kazi yake ni kushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Kwenye ua wa hatua kumi utakosa pa kuuweka, na kule ulikoung'oa utakuwa umeufungulia mchanga mlango.

Kwa anayetaka chakula

Marando ya viazi vitamu ni zulia zuri kuliko watu wanavyolisifu. Ukipanda vipando mvua zikianza, kwa kawaida ndani ya miezi miwili ardhi imefunikwa, na unachuma matembele jikoni kila unapopunguza ukingo. Kupunguza mpaka kunakuwa kuvuna, na hilo huwafanya watu wapunguze kweli. Kasoro zake: viazi vikikomaa utachimbua, ardhi ibaki wazi tena, panya huvifuata, na maji ya chumvi hayapendi. Kwa kiwanja unachokodisha, usichojua utakikalia muda gani, ningechagua marando kabla ya kitu kingine chochote.

Nanaa nayo hutambaa, tena chini ya ardhi, na penye unyevu karibu na bomba huteka kila kitu. Ipande kwenye chungu.

Ningechagua nini, mahali gani

Chini ya mwembe au mdimu, ukiwa na maji yasiyo na chumvi na uko tayari kupalilia miezi ya mwanzo: pinto. Acha nusu mita wazi kuzunguka shina la mti. Mbele ya baraza wanapocheza watoto: ukoka kama maji ni matamu, paspalamu kama ni ya kisima. Ukuta unaotazama bahari: mboga pwani.

Wedelia naikubali mahali pamoja tu, pale ilipozungukwa na saruji au kabro pande zote, mbali na mtaro, na kuna mtu atakayeikata kila mwezi. Kama mtaro wa mtaa wako unaishia kwenye hori ya Tudor au Mtwapa, usiipande hata hapo. Mvua moja kubwa inatosha kubeba vipande mpaka kwenye kingo za mikoko, na huko hakuna mwenye ploti atakayekwenda kuing'oa.

Kama tayari unayo na unataka kuibadilisha kwa pinto, usiipande pinto siku hiyo hiyo. Ng'oa wedelia yote wakati wa kaskazi, kuanzia Januari hadi Machi, ardhi ikiwa kavu na mizizi ikitoka bila kukatika ovyo. Tandaza ulichong'oa juu ya saruji kwenye jua mpaka vifundo vikauke kabisa na kuvunjika kwa vidole. Vikipinda bila kuvunjika bado vina uhai. Usivitie kwenye mboji kabla ya hapo. Mwagia eneo maji kidogo, usubiri vilivyobaki vichipue, uving'oe tena.

Zika ukingo: kwa pinto, mawe ya matumbawe au kabro zilizosimamishwa zitoshe; kwa ukoka na paspalamu, bati la zamani lizamishwe sentimita 20 na libaki limechomoza juu kidogo, na kingo zake kali zikunjwe zisimkate mtoto. Kisha panda masika yakishaanza kweli, Aprili au mapema Mei, vipando vya pinto kwa umbali wa sentimita 25. Hiyo ni miche 16 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kipande cha mita 4 kwa 5 kitataka 320. Nunua robo tu ya idadi hiyo, uipande mahali pamoja penye mboji nzuri, na ikishashika ukate vipando vyako mwenyewe kwa ajili ya vuli.